Acha Jeti Kubwa Kwanza: Kutuna Kabureta za FCR Kwenye GSX-R1100 Kongwe

Mtu akishafunga kabureta nne za Keihin FCR kwenye Suzuki GSX-R1100, swali lake la kwanza kwa fundi huwa lile lile: niweke jeti kubwa namba ngapi? Namba hiyo ina kazi yake, ila kazi yenyewe inaanza pale mkono wa mafuta unapopita robo tatu. Kwa injini ya sentimita za ujazo 1,127, robo tatu hufiki mara nyingi ukiwa barabarani, na ukifika hukai. Muda wako mwingi unaupitisha chini ya robo, nyuma ya malori na mabasi, ukitafuta nafasi ya kupita. Malalamiko ya FCR nayo yanatoka huko huko chini: inamisi ukitembea polepole, inazubaa taa zikiruhusu, inanuka petroli, inakuzimikia mbele ya watu.

Naandika nikiwa na GSX-R1100 za kupozwa kwa oili mawazoni, zile za 1989 hadi 1992. Kiwandani zilitoka na Mikuni za vakyumu, kwanza za milimita 36, kisha 40 kuanzia toleo la 1991. Kabureta za aina hiyo zina adabu. Wewe unafungua kipepeo tu. Slaidi inainuliwa na mvuto wa injini yenyewe, kwa kiasi inachoweza kumeza. Hata ukiupindua mkono wote kwa pupa, slaidi inasubiri. FCR haisubiri. Waya wako umeshika slaidi moja kwa moja, slaidi ni bapa, inateleza juu ya vijiroleri, na ukiivuta inakuja yote. Utamu wake uko hapo, kwa sababu injini inadaka papo hapo. Taabu yake iko hapo pia, maana sasa kosa la mkono na kosa la kabureta vinatoa mlio mmoja. Mwenye Ducati 900SS yenye FCR 41, au Kawasaki ya zamani yenye Mikuni RS, naye atayaona haya haya. Vitabadilika vipimo tu.

Kabla ya bisibisi kugusa kabureta

Kabureta iguswe mwisho. Injini ya miaka zaidi ya 30 ina njia nyingi za kujifanya mgonjwa wa kabureta. Pima nafasi za valvu zote 16 kwa kufuata kitabu cha toleo lako, pima kompresheni ya kila silinda, weka plagi mpya, kagua koili na vifuniko vya plagi. Koili iliyochoka inamisi ikipata moto, na mwenye pikipiki atabadilisha jeti wiki nzima bila nafuu.

Halafu kagua mipira inayounganisha kabureta na injini. Ikikauka hupasuka nyufa ndogo usizoziona mpaka uikunje, na hewa inayopenya hapo haijapita kwenye kabureta, kwa hiyo hakuna jeti itakayoifidia sawasawa. Injini ikiwa sailensi, nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kuzunguka kila mpira. Mlio ukibadilika, umeshapata tundu. Wapo wanaotumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa kipimo hiki, juu ya ekzosi ya moto. Maji yanatosha.

Koki ya mafuta ndiyo inayodanganya wengi. Koki ya asili ya Suzuki inafunguliwa na vakyumu kwa kipira chembamba kinachotoka kwenye kabureta au manifoldi. Ukifunga FCR na kipira hicho kikabaki hakina pa kwenda, petroli haitashuka ipasavyo, mabakuli yataishiwa ukienda kasi, na dalili zake zitafanana kabisa na jeti kubwa iliyo ndogo mno. Ama uipatie vakyumu, ama ufunge koki ya mkono. Kuendesha siku zote na koki ya asili ikiwa kwenye PRI ni kujitafutia balaa, maana hapo petroli inashuka muda wote. Valvu moja ya boya ikivuja usiku, petroli inaingia silinda na kuteremkia kwenye oili. Nusa oili kabla ya kuwasha. Ikinuka petroli, imwage.

Chujio na ekzosi navyo viamuliwe sasa. Sanduku la hewa la asili, vichujio vidogo vinne, na tarumbeta tupu zisizo na chujio kila kimoja kinataka jeti zake, na atakayetuna leo akabadilisha chujio mwezi ujao atarudia kazi yote. Ushauri wangu kwa barabara zetu za vumbi ni kusahau tarumbeta tupu, hata kama kwenye picha zinapendeza.

Boya na mizani

Kimo cha petroli ndani ya bakuli kinaathiri kila kitu kuanzia sailensi hadi mafuta yote, kwa hiyo kipimwe kabla ya kufikiria jeti. Kwa FCR 39 kipimo cha kawaida ni milimita 9 kutoka ukingo wa kabureta hadi mgongo wa boya. Inamisha kabureta taratibu mpaka ulimi wa boya uguse tu kile kipini chenye springi cha valvu, usikibonyeze. Kipini kikibonyea utapata kipimo kizuri cha uongo. Vilinganishe vyote vinne, sindano za valvu zikiwa safi.

Angalizo dogo: skrubu za kabureta za Japani si za bisibisi yoyote ya nyota. Vichwa vyake vimekatwa kwa kipimo cha Kijapani cha JIS, na bisibisi ya kawaida inaruka na kuvichubua. Tafuta ya JIS.

Kusawazisha slaidi kunaanza mezani. Chukua vipande vya waya mwembamba wenye unene mmoja, au msumari mmoja wa drili mdogo, uupitishe chini ya kila slaidi, ukirekebisha mpaka zote nne ziubane sawa. Ukishafunga kwenye injini, malizia kwa geji za vakyumu, injini ikiwa imepata moto kabisa, sailensi kama mizunguko 1,100 hadi 1,200. Silinda moja ikivuta kuliko wenzake, sailensi itatetemeka, nawe utailaumu jeti ndogo bure.

Gawa mkono wa mafuta, usigawe mizunguko

Hapa wengi hupotea. Watasema pikipiki inasumbua "kwenye elfu nne". Kabureta haisomi geji ya mizunguko. Inachokijua ni slaidi imeinuliwa kiasi gani. Kwa mizunguko 4,000 unaweza kuwa umefungua kidogo sana kwenye tambarare au nusu nzima ukipanda mlima, na kila hali inapata petroli kutoka mlango mwingine.

Bandika kipande cha utepe kwenye mshikio na kingine kwenye kifuniko kisichozunguka. Weka alama moja upande usiozunguka, kisha kwenye mshikio weka alama za kufungwa, moja ya nane, robo, nusu, robo tatu na mwisho. Sasa tatizo lina anwani. Kutoka sailensi hadi karibu moja ya nane inatawala jeti ndogo pamoja na skrubu yake. Moja ya nane hadi robo ni unene wa sindano pale iliponyooka. Robo hadi robo tatu ni mchongoko wa sindano na mfuo uliofungiwa klipu. Robo tatu kwenda juu ni jeti kubwa. Mipaka hiyo si ukuta, kila mlango unamwagia kidogo kwa jirani, lakini inatosha kukuzuia kubadilisha kitu kisichohusika.

Maneno mawili tutayatumia sana: mchanganyiko mzito ni ule wenye petroli kupita kiasi, mwepesi ni ule uliozidi hewa.

Anza kwa sailensi inayokaa tu, isiwe nzuri bado. Kisha nenda moja kwa moja kwenye jeti kubwa, na usidhani najipinga. Jeti kubwa haistahili kuwa swali la kwanza la safari zako, ila inastahili kufungwa sawa mapema kwa sababu ikiwa ndogo sana inaweza kutoboa pistoni, na kwa sababu petroli yote ya sindano inapita kwanza ndani yake. Kazi hii ifanyike kwenye mashine ya dyno au kiwanja kilichofungwa. Fungua mafuta yote kwa gia ya juu kidogo, mizunguko iko juu, kisha rudisha mkono kidogo sana bila kuufunga. Ikionekana kuongeza nguvu ulipourudisha, jeti ni ndogo. Ikivuta kwa uzito, mlio ukiwa wa majimaji, na haitaki kumaliza mizunguko yake, ni kubwa. Ukibaki njia panda kati ya namba mbili, chagua kubwa. Raha ya FCR ni kwamba jeti hiyo inatolewa kwa kizibo kilicho chini ya bakuli, kwa hiyo huna haja ya kushusha kabureta zote nne.

Sindano, kiini cha kazi

Sindano ya FCR ina sehemu mbili unazopaswa kuziona kwa macho. Itoe, ishike kwenye mwanga. Kutoka juu, karibu na mifuo ya klipu, imenyooka kama kijiti. Mbele zaidi inaanza kuchongoka hadi ncha. Sehemu iliyonyooka ikiwa bado imo ndani ya bomba lake, kuiinua sindano hakubadilishi pengo, kwa kuwa unene ni ule ule. Pengo linaanza kupanuka mchongoko unapoingia. Ndiyo maana mtu anashusha klipu, anapandisha klipu, na tatizo la moja ya nane limekaa pale pale.

Kwa hiyo ikisumbua ukitembea mwendo wa mjini, mkono umefunguka kidogo na haupandi wala haushuki, kinachotakiwa ni sindano nyingine yenye unene tofauti pale iliponyooka. Keihin wanazitoa kwa hatua za mia moja ya milimita, na hatua moja unaihisi. Sindano nene hupunguza petroli, nyembamba huongeza. Wengi hawafiki hapa kwa sababu sindano nne ni ghali na jeti ni rahisi, basi wanabaki miaka wakibadilisha kile wanachomudu.

Utajuaje iwapo ni nzito au nyepesi? Mwendo wa kati ukiwa mzito una mlio mzito wa kubwabwaja, kama injini inaruka mshindo mmoja kila baada ya mitatu, na ukikaa nao plagi zinaanza kulowa. Ukiwa mwepesi pikipiki inavuta na kuachia yenyewe, inakurusharusha mbele na nyuma, mara nyingine inapiga vishindo kwenye kabureta. Kipimo kingine hakihitaji kifaa: ikitembea vizuri ikiwa baridi halafu ikaharibika ikipata moto, iko nzito. Ikisumbua mpaka ipate moto kabisa ndipo itulie, iko nyepesi. Injini baridi inataka petroli zaidi, kwa hiyo asubuhi inakusemea ukweli.

Klipu nayo inachanganya watu, kwa hiyo niliseme wazi. Ukiishusha klipu mfuo mmoja kuelekea nchani, sindano yenyewe inapanda, na petroli inaongezeka kati ya robo na robo tatu. Sogeza mfuo mmoja, jaribu kwa nusu ya mkono, andika. Ukibadilisha klipu na jeti siku moja, hutajua kilichosaidia.

Nionye kuhusu shimo moja lisilozibika. Ekzosi nyingi za nne-kuingia-moja zina mahali pa kulegea, mara nyingi karibu na mizunguko 5,000, mawimbi ya hewa yanaporudi nyuma na kuvuruga uvutaji. Hilo halihami ukibadilisha kiasi cha mkono. Linabaki kwenye mizunguko ile ile. Hii ndiyo mara pekee geji ya mizunguko inakupa jibu kuliko utepe. Punguza kwa klipu kama unaweza, kisha ishi nalo.

Rudi sasa kwenye jeti ndogo. Angalia skrubu unayoizungusha iko upande gani wa slaidi. Iliyo upande wa injini inapitisha mchanganyiko wenye petroli, kwa hiyo kuifungua ni kuongeza uzito. Iliyo upande wa mdomo wa hewa inapitisha hewa, na kuifungua ni kupunguza. Injini ikiwa moto, zungusha ile ya upande wa injini robo robo mpaka mizunguko ipande ilivyoweza, kisha rudisha sailensi mahali pake. Ikiwa palipo pazuri ni karibu na kufungwa kabisa, jeti ndogo ni kubwa mno. Ikiwa umefungua zaidi ya mizunguko miwili na nusu na bado inaomba, ongeza jeti. Halafu piga resi kidogo na uachie. Mizunguko ikining'inia juu kabla ya kushuka, iko nyepesi. Ikiporomoka chini ya sailensi kisha ikajivuta kurudi, iko nzito.

Vishindo vya ekzosi ukiachia mafuta mteremkoni si lazima viwe vya kabureta. Kagua gasketi za ekzosi kwanza.

Pampu na mkono wako

FCR ina pampu inayorusha petroli kila unapofungua mafuta, ili kuziba pengo la hewa inayoingia ghafla. Itazame ikifanya kazi, ukiwa umezima injini: mchirizi uwe mwembamba, ulionyooka, unaopita bila kugonga slaidi, na uanze kabureta zote nne kwa wakati mmoja. Isijaribiwe mara nyingi, maana kila mchirizi unaishia silinda. Na usimruhusu mtoto wala jirani achezee mkono wa mafuta pikipiki ikiwa imeegeshwa. Kuwasha ikiwa baridi, mikunjo miwili inatosha.

Kwenye foleni mkono hautulii, na pampu iliyowekwa kuanza mapema inamwaga petroli kwa kila mtikisiko. Plagi zinalowa, matumizi yanapanda, nawe unapunguza jeti ndogo ambayo haina kosa. Icheleweshe kidogo ili mtikisiko mdogo usiifikie. Ikizubaa ukifungua ghafla, jaribu kufungua kwa utaratibu zaidi: ikivuta safi, jeti ziko sawa na kilichobaki ni pampu au mkono. Kufungua yote kwenye gia ya tano mizunguko ikiwa 2,500 hakuna pampu itakayokuokoa. Punguza gia.

Vipimo vya kuaminiwa na visivyoaminika

Ile hekima ya kusoma rangi ya plagi, kahawia nzuri na kadhalika, ilikua enzi za petroli yenye risasi. Petroli hiyo iliondoka Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na ya sasa inaacha rangi hafifu. Plagi bado inasema kitu, ila utazame pete ya masizi chini kabisa ya kauri, plagi ikiwa mpya na injini imezimwa ikiwa bado inavuta mafuta yote.

Kihisi cha lambda chenye upana ni bora zaidi. Tafuta uwiano wa hewa kwa petroli wa karibu 12.5 hadi 13.2 ukifungua yote, na kati ya 13.5 na 14 ukitembea kwa utulivu. Kina mitego miwili. Kikiwekwa baada ya mabomba manne kukutana, kinasoma wastani, na silinda moja nyepesi itajificha nyuma ya tatu nzito. Na injini inayomisi kwa uzito inatupa nje hewa isiyoungua, kihisi kinaiona oksijeni na kusema "nyepesi". Ukiamini namba kuliko sikio hapo, utaongeza petroli juu ya petroli.

Jeti ziwe halisi. Soko limejaa nakala ambazo namba yake ni pambo, na mbili zenye namba moja zinapitisha tofauti. Jeti isitobolewe kwa drili wala kuzibuliwa kwa waya. Namba za Keihin pia zisilinganishwe na za Mikuni. Kila mmoja anahesabu kivyake.

Nairobi kwenda Mombasa

Kwa mwenye kuishi huku, urefu kutoka usawa wa bahari si jambo la kitabuni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, Mombasa iko baharini. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kwa kama asilimia 15, kabureta haijui, na mchanganyiko unakuwa mzito kwa kama asilimia 9. Namba ya jeti kubwa ya Keihin ni kipenyo kwa mia za milimita, na mtiririko unafuata eneo la tundu, kwa hiyo asilimia 9 ya petroli ni kama asilimia 4.5 tu ya namba. Ikiwa 165 ndiyo iliyokubali Mombasa, Nairobi itaomba karibu 158. Ukipanda Limuru, ambako ni zaidi ya mita 2,000, itaomba ndogo tena. Nguvu zilizopotea kwa hewa hafifu hazirudi kwa jeti. Unachorudisha ni usafi wa mwako.

Mwelekeo wa safari ndio muhimu kuliko hesabu. Ukituna pwani ukapanda bara, pikipiki itakuwa nzito, italalamika, itakula mafuta, lakini haitajiua. Ukituna Nairobi ukashuka Mombasa, kila kilomita inakupeleka kwenye wepesi, joto linapanda, na barabara ya tambarare baada ya Voi inakushawishi ukae na mafuta yote muda mrefu. Injini inayopozwa kwa oili haina pa kuficha joto hilo. Badilisha jeti kubwa kabla ya kuondoka Nairobi, uvumilie uzito wa saa chache za mwanzo, na usikae na mafuta yote mpaka uwe pwani. Jeti ndogo na sindano unaweza kuziacha, ukageuza skrubu ya mchanganyiko kidogo ukifika. Beba jeti nne za Nairobi, oringi za vizibo na bisibisi fupi, na uzibadilishe kabureta zikiwa zimepoa, koki imefungwa, chombo cha kuzimia moto kikiwa karibu. Petroli iliyobaki bakulini inakumwagikia mkononi ukifungua kizibo, kwa hiyo weka kikopo chini kwanza.